Boksi Jekundu kwenye Kompyuta ya Mama Zuhura

Vijana wangu, mimi nimestaafu lakini masikio yangu bado yako kazini. Mpaka leo nikipita kwenye steshenari hapa Masasi nikasikia kompyuta ya mtu imelia ule mlio wa onyo, nasimama kana kwamba nimeitwa ofisini kujieleza. Nageuka, nachungulia, nataka kuona binti aliyekaa kwenye kiti atabonyeza nini. Mara nyingi anabonyeza bila kusoma huku anaongea na mteja. Hapo ndipo nakosa adabu, naingia bila kukaribishwa: "Subiri mwanangu, usilifunge, tusome kwanza." Wengine wananiona mama mchawi. Basi nimeona niandike, labda nitapunguza kuingilia maduka ya watu.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta za shule. Nilianza nikiwa mpiga chapa, enzi ambazo ukikosea herufi moja kwenye barua ya mkuu unarudia ukurasa mzima. Nilimalizia nikiwa mtu wa kuitwa kila printa inapogoma, kwenye shule moja ya sekondari huko juu Newala. Jina lake naliacha, maana walimu wengine bado wapo na hawakunituma niwaandike.

Aliyenifundisha kompyuta ni marehemu Fundi Chitanda, ambaye alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio hapa Masasi, baadaye akaongeza kompyuta. Alifundisha kwa kugombeza. Ukigusa waya bila kuuliza anakwambia, "Haya, gusa na ule mwingine, tukuzike." Siku ya kwanza alipoweka programu ya kinga, hii mnayoiita antivairasi, aliniambia nisimame nisikilize. Akasema, "Huyu ni mbwa wako wa nyumbani. Akibweka usimpige, wala usimtokee mgeni na panga. Toka nje kwanza uone anambwekea nani." Nililiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Kuliandika na kulishika ni kazi mbili tofauti, na hii ya pili mimi ilinishinda.

Maana mbwa huyu ana namna mbili za kubweka. Akikuta kirusi chenyewe, haulizi mtu, anakikamata. Namna ya pili ndiyo yenye matata. Linakuja boksi na maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu yanasema: nimekuta programu ambayo huenda huitaki. Hasemi ni mwizi. Anasema simfahamu huyu, ana tabia za ovyo, wewe mwenye nyumba ndiye uliyemwalika au kajialika? Fikirieni sherehe ya kuwatoa watoto jando. Umemwalika shangazi, shangazi kaja na watu watano. Wanne wanakula wanashukuru, wa tano unamkuta amesimama chumbani kwako anafungua kabati. Hajavunja mlango, kaingia na shangazi. Programu hizi nazo zinaingia hivyo hivyo. Wewe umetaka kitu kimoja, ndani ya mfuko wake kimebeba vingine: cha kukubadilishia ukurasa wa intaneti, cha kukuletea matangazo, cha kukutisha kwamba kompyuta yako ina matatizo elfu moja na yeye ndiye daktari.

Kosa langu la kwanza nilimtokea mgeni na panga. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu, Mwalimu Bwire, mtu wa Mara, aliyekuwa na programu ndogo ya kupanga ratiba ya vipindi. Kaitumia miaka na miaka, katoka nayo kituo chake cha zamani. Siku moja kinga ikaibwekea. Mimi nikaona boksi jekundu, nikaona neno la kutisha, nikabonyeza kufuta. Sikusoma jina la programu, sikusoma iko kwenye folda gani, sikumuuliza aliyekuwa anaitumia meza ya pili tu kutoka kwangu. Ikafutika pamoja na ratiba ya muhula mzima.

Mwalimu Bwire hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alinunua karatasi za manila, akachora ratiba kwa rula na kalamu, akazibandika ukutani, na kila nilipopita akawa ananisalimia kwa sauti ya juu, "Habari za asubuhi, Mama Futa!" Jina likapaa. Walimu wakaniita Mama Futa, wapishi wakaniita Mama Futa, hata wanafunzi nilikuwa nawasikia nyuma ya madarasa. Nilicheka nao, lakini moyoni niliumia, na kwa kuumia huko nikafanya kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Niliapa sitafuta tena kitu cha mtu.

Kabla sijaeleza kosa hilo lazima niwaeleze flashi yetu. Huko juu, anayekumbuka shida ya maji anajua: mwenye maji hamnyimi jirani, hata kama amebakiwa na ndoo moja. Bando la intaneti nalo tukalifanyia heshima hiyo hiyo. Sisi makatibu na watu wa kompyuta wa shule za karibu, wa kwetu, wa upande wa Makote na wa Mkunya, tulikuwa na flashi moja ya ujirani. Mwenye mtandao mzuri wiki hiyo anashusha programu zinazohitajika, anaziweka kwenye flashi, flashi inatiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha anapewa bodaboda. Ikifika kwako unachukua unachotaka, unaongeza ulicho nacho, unaipeleka mbele. Kuikataa ilikuwa sawa na kukataa chakula ugenini. Mtunzaji wa flashi hiyo nilikuwa mimi, na ndani yake kulikuwa na folda imeandikwa MAMA NEEMA, maana Neema ndiye kifungua mimba wangu.

Sasa kila flashi ilipochomekwa, kinga ilibweka. Wakati mwingine ilikuwa na haki, wakati mwingine ilikuwa inasumbua tu, na watu walikuwa wananiita kutoka darasani, kutoka chai, kutoka chooni. "Mama Neema, limetoka tena." Nikachoka. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa mkono wangu kwa herufi kubwa: LIKITOKEA BOKSI JEKUNDU USIOGOPE. BONYEZA KITUFE CHA KULIA. Kitufe cha kulia kilikuwa cha kuruhusu. Nikabandika karatasi hiyo kwa selotepu kwenye kompyuta zote tano za shule. Simu zikakoma, na nikajiona fundi kweli kweli.

Kompyuta namba nne ilikuwa ya Mama Zuhura, mhudumu wa masjala. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Newala, wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaelekea mwisho, anangoja kuambiwa kama utaongezwa. Binti yake Zuhura alikuwa kidato cha nne hapo hapo shuleni. Mama Zuhura alikuwa mtu wa utaratibu mpaka anakera. Hafungui bahasha bila kuikata kwa kisu, hatoki ofisini bila kufunika kibodi kwa kitambaa. Ukimpa maelekezo anayafuata kama yalivyo. Karatasi yangu aliifuata kama maelekezo ya dawa.

Siku moja alitaka kubadilisha barua iliyokuja kama picha iwe ya kuandikika. Nikamwambia iko programu kwenye flashi, niliishusha mwenyewe wiki ile. Niliishusha vipi? Nilitafuta mtandaoni, nikafungua ukurasa wa kwanza ulionijia badala ya kutafuta wa waliotengeneza programu yenyewe. Ilipokuwa inaingia kwenye kompyuta yangu nilibonyeza endelea, endelea, endelea, bila kuangalia vile viboksi vidogo vilivyokwisha wekewa tiki na watu wasionijua. Kwangu haikuonyesha shida ya haraka, maana mimi sikuwa nashinda kwenye intaneti. Nilimchomekea flashi, nikaenda zangu. Baada ya dakika chache nikasikia sauti yake kutoka chumba cha pili.

"Mama Neema, boksi limekuja. Lina maneno mengi leo."

"Fuata karatasi, Mama Zuhura."

"Nisikusomee kwanza?"

"Bonyeza kulia tu, mama. Nina kazi."

Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa kubangua korosho nne za kuchoma.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, walikuja wajumbe wa bodi ya shule. Walitaka kuona wenyewe orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne kabla haijatumwa, jina kwa jina, asiachwe mtoto wa mtu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mfaume, mkulima wa Makote, mtu wa swala tano, mtaratibu, ambaye akikutazama unakagua vifungo vyako. Walikaa nyuma ya Mama Zuhura, yeye anashusha orodha, wao wanasoma. Mimi nilisimama mlangoni nikijivunia kompyuta zangu.

Katikati ya orodha, kwenye kona ya skrini, likafunguka tangazo. Mwanamke asiye na nguo. Mama Zuhura akalifunga. Likafunguka jingine, baya zaidi, kubwa zaidi. Akalifunga, likaja la tatu na muziki juu. Akavua mtandio begani akafunika skrini. Mzee Mfaume akainuka, akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akatoka nje. Wenzake wakamfuata.

Mkuu wa shule akaniita pembeni. "Mama Neema, angalia hiyo mashine. Nataka kujua huyu mama anafungua nini humu ndani." Akaenda kuwasindikiza wageni. Mama Zuhura alikuwa ameenda kunawa uso. Nikabaki peke yangu na kompyuta namba nne.

Wanangu, nilijua kabla sijakaa. Nilijua ni ile programu, nilijua imetoka wapi. Macho yangu yakaenda kwenye ile karatasi, mwandiko wangu, umekaa pale pembeni ya skrini kama sahihi. Mkono ukaenda wenyewe. Nikaibandua, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Sikuwaza kumdhuru mtu. Niliogopa, basi. Nilibakiza miaka mitatu nistaafu na niliogopa kuitwa jina jingine baya kuliko Mama Futa.

Mkuu aliporudi alimwita Mama Zuhura mbele yangu.

"Umefungua nini kwenye mashine ya serikali, Mama Zuhura?"

"Sijafungua kitu, Mkuu. Haki ya Mungu vile. Lile boksi likitokea nafanya kama nilivyoelekezwa."

"Umeelekezwa na nani?"

Akageuka kuitazama kompyuta yake. Palikuwa na alama nne za selotepu tu. Akazitazama kidogo, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirishani, nje ukungu umefunika mpaka mlingoti wa bendera, hakuna cha kutazama. Nilingoja aseme jina langu. Hakulisema.

"Basi, Mkuu," akasema. "Sina la zaidi."

Jioni hiyo akapewa barua ya kujieleza: ndani ya siku saba aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuangalia picha chafu kwenye mali ya umma. Kwa mtu wa mkataba barua ile maana yake ni kwaheri. Na kwa mjane wa pale, mtu wa darsa la akina mama msikitini, ilikuwa mbaya kuliko kwaheri.

Kesho yake nilisafisha kompyuta, na hapa naomba mwelewe namna ya kufanya, maana aibu yangu isiwanyime elimu. Kwanza niliitoa mashine kwenye intaneti. Pili nilifungua kumbukumbu za programu ya kinga, maana mbwa huyu anaandika: kabwekea nini, saa ngapi, faili lilikuwa folda gani, na mwenye nyumba kajibu nini. Tatu nikafungua orodha ya programu zote, nikaipanga kwa tarehe, nikaona zilizoingia siku moja. Tulitaka moja, ziliingia nne. Nikaziondoa kwa njia yake, moja moja, kisha nikaingia kwenye kivinjari cha intaneti nikatoa nyongeza zilizojipachika na ruhusa za matangazo, maana wengi wanasahau hapo na picha zinarudi. Nikaondoa ile ruhusa iliyotolewa, nikaiachia kinga ipekue kompyuta nzima. Kile nisichokuwa na hakika nacho sikukifuta, nilikiweka karantini, neno hilo sote tunalijua sasa. Kikiwa karantini hakidhuru, na ukikuta ni cha Mwalimu Bwire unaweza kumrudishia.

Kwenye kumbukumbu zile nikaona mstari wenyewe. Tarehe, saa, na njia ya faili: flashi, folda MAMA NEEMA. Mwisho wa mstari: imeruhusiwa. Pembeni kulikuwa na kitufe cha kufuta kumbukumbu zote. Nilikaa nimeweka mkono kwenye kipanya muda mrefu, jasho linanitoka kwenye baridi ya Newala. Sikufuta. Msinisifu, sikuzifuta kwa sababu nilisikia Mkuu anakuja.

Akaingia, akaona mashine inafanya kazi, hakuna picha, hakuna muziki. Akanipiga begani. "Bila wewe Mama Neema tungeumbuka zaidi. Nitakuandikia barua ya pongezi." Nikasema asante. Neno asante halijawahi kunikaa vibaya mdomoni kama siku ile, lakini nililisema.

Ijumaa ikapita. Jumamosi nayo. Jumapili nilienda kanisani nikatoka bila kujua kimehubiriwa nini. Ugali haushuki. Mume wangu akauliza kama ni malaria, nikasema labda. Kila asubuhi nilikuwa napanga: leo nikifika naingia kwa Mkuu. Nikifika nakuta yuko na mgeni, au yuko darasani, au yuko peke yake, na hapo ndipo naogopa zaidi. Napita mlango wa Mama Zuhura, namsalimia, anaitikia. Alikuwa anaandika maelezo yake kwa mkono, anaandika, anachana, anaanza upya. Atajieleza nini mtu ambaye hajui kilichotokea? Mimi ndiye niliyejua, niko hatua nne kutoka kwake, naweka wino kwenye printa.

Jumatano nikamuuliza mwalimu wa zamu mbona sijamwona Zuhura paredini tangu Jumatatu. Akashusha sauti. "Huna habari? Wenzake wanamwita mtoto wa sinema. Amemwambia mama yake harudi, anakwenda Mkunya kwa bibi yake kulima mihogo. Mtihani wenyewe ndio huo unakuja."

Jina langu baya lilikuwa Mama Futa na lilinifanya niharibu kompyuta tano. Mtoto wa watu alikuwa amebebeshwa hilo lake kwa sababu yangu. Niliacha printa wazi nikaenda mlango wa Mkuu. Safari hii alikuwa na mgeni kweli, Mzee Mfaume. Nikapiga hodi.

"Tuna mazungumzo, Mama Neema," Mkuu akasema.

"Shikamoo, Mzee. Naomba Mama Zuhura aitwe na yeye. Nikitoka nje sitarudi."

"Marahaba," Mzee Mfaume akasema, akanitazama vile anavyotazama. "Mwiteni."

Mama Zuhura alipoingia nilifungua pochi, nikaiweka karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Nikaeleza flashi, nikaeleza programu, nikaeleza nilivyojibu nikiwa nakula korosho. Nikaeleza na kubandua. Nilifika mwisho.

Mzee Mfaume akaisoma karatasi polepole, kidole chini ya kila neno. "Nangu, mimi, sijui kompyuta," akasema. "Kwa hiyo huyu mama hakufungua zile picha?"

"Hakufungua, Mzee. Zilijileta. Mlango niliufungua mimi kwa mkono wake."

"Na hilo boksi jekundu lilimwonya?"

"Lilimwonya. Alitaka kunisomea. Nilimkataza."

"Nionyeshe."

Tukaenda wote wanne kwenye kompyuta namba nne. Nikafungua kumbukumbu, nikamsomea mstari, tarehe, saa, na jina la mwanangu Neema limekaa pale. Mkuu alikuwa amefunga mikono, uso umemjaa damu. Akasema barua ya Mama Zuhura itafutwa kimya kimya, na mimi nitaandikiwa yangu. Mzee Mfaume akatikisa kichwa.

"Huyu alivuliwa heshima mbele za watu, Mkuu. Mtamvisha chumbani?"

Ijumaa nikasimama paredini. Shule nzima. Mwalimu Bwire yuko pale, wapishi wametoka jikoni. Nikasema nilichofanya, na nikawaambia watoto kwamba programu ile haikuwa kirusi na haikuvunja mlango, ilikaribishwa, na aliyeikaribisha ndiye aliyesimama mbele yao. Hakuna aliyecheka. Mstari wa nyuma kabisa nilimwona Zuhura, ameletwa na mama yake, ameinamisha kichwa, halafu akakiinua. Mimi nilipewa onyo la maandishi, likaingia kwenye faili langu na likabaki humo. Barua ya pongezi sikuiona. Mkataba wa Mama Zuhura uliongezwa, na karatasi zangu nne zilizobaki nilizibandua mwenyewe. Flashi ya ujirani iliendelea kuzunguka, lakini ilikuwa ikifika inapekuliwa kwanza, mbele ya aliyeileta, na bodaboda walizoea kungoja.

Mnaoniuliza sasa mfanye nini likitokea boksi, nawaambia lisome kwa sauti, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Jina la programu, iko wapi, imeingia lini. Waulize wote wanaotumia mashine: nani kaileta, anaifanyia kazi gani? Mwenyewe akipatikana na akaeleza, na umeihakikisha, iruhusu hiyo moja tu, usiruhusu folda nzima. Asipopatikana, karantini. Na ukiwa wewe ndiye uliyeileta, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaanza kuandika maelezo.

Baada ya paredi nilimfuata Mama Zuhura ofisini. Alikuwa anapangusa meza. Nikamwomba radhi kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga vizuri na yakatoka ovyo. Akaendelea kupangusa mpaka akamaliza.

"Siku sita, Mama Neema," akasema. "Nilikuwa nahesabu. Niliona karatasi haipo, nikajua iko kwako. Kila ukipita mlangoni nasema, leo ataingia."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilitaka ujitaje."

Akakikunja kitambaa.

"Nimekusamehe. Sisi tunazikana, tutafanyaje? Lakini kaa hapa unifundishe kuweka paswedi."

Nikamfundisha. Ilipofika mahali pa kuandika lenyewe neno la siri, akaniambia nigeukie ukutani. Mimi, fundi wa shule, niligeukia ukutani kama mtoto aliyechelewa darasani, nikawa nasikia vidole vyake vinatafuta herufi moja moja.

Tulifanya kazi pamoja mpaka nilipostaafu. Boksi likitokea alikuwa ananiita, tunasoma wote, tunaulizana, tunaamua. Kompyuta ikijifunga ikataka neno la siri, nageukia ukutani bila kuambiwa. Siku ya kukabidhi ofisi nilijaza fomu ya maneno ya siri ya kompyuta zote za shule. Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano niliyaandika kwa kichwa. Mbele ya namba nne niliandika: muulizeni Mama Zuhura.